Kadi Zinazonyima Watu Usingizi

Jumamosi, 8 Machi

Nzisa amekuja nyumbani kutoka Syokimau. Binti yangu wa kwanza, karani katika kampuni ya mizigo, mwenye adabu zake. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nilipoinua chupa ya chai pale sebuleni na kumkuta shetani chini yake.

Shetani mwenyewe! Ana pembe, ameketi, amechorwa kwa rangi nzuri. Chini yake mifupa ya mtu imepanda farasi. Chini ya mifupa, mtu amening'inizwa kwa mguu mmoja. Pakiti nzima ya karata za namna hiyo. Nyumbani kwangu! Kwa Mwangangi, muuza dawa za mifugo hapa Kangundo, mgombea wa kiti cha mzee wa kanisa!

Nikamwita Nzisa. Akasema zinaitwa taroti na si uganga. Kwamba jioni akitoka kazini na kichwa kimejaa, anatoa moja, anaitazama picha, anajiuliza maswali ambayo angependa kuyakwepa. Kwamba hazimwambii kesho itakuwaje, zinamuuliza leo yukoje. Nikamwambia mtu aliyelelewa vizuri hana maswali. Nikazitwaa. Hakugomba. Alicheka tu, akasema nikae nazo, huenda nazihitaji kuliko yeye.

Dharau! Lakini wakati wa chakula, nikitafuna muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, wazo likaja lenyewe. Kura ya mzee wa kanisa ni Jumapili ya mwisho ya mwezi huu. Kwetu hatuandiki karatasi. Wagombea wanasimama mbele, watu wanapanga foleni nyuma ya wanayemtaka, mchungaji anahesabu vichwa. Kiti ni kimoja na tumebaki wawili: mimi, na Makau, muuza mabati, mwenyekiti wa kamati ya paa la kanisa, mtu wa kucheka meno yote nje. Sitaki kuandika mara ya mwisho nilipogombea ilikuwaje. Haya, nitaandika. Nyuma yangu walisimama mke wangu Kalekye na mgeni mmoja aliyedhani ni foleni ya chai.

Safari hii hapana. Nitazichoma karata hizi hadharani. Moto, moshi, Mwangangi katikati. Nani atamkumbuka Makau?

Jumatatu, 10 Machi

Adui lazima ajulikane kabla ya kuchomwa. Kwa hivyo nimezileta dukani, nikazificha nyuma ya dawa za minyoo. Asubuhi kabla ya wateja nikafumba macho nikatoa moja. Utafiti tu.

Mpanda farasi mwenye upanga! Farasi anaruka, miti inainama kwa upepo, yeye haangalii kando. Ni mimi! Hata pua ni yangu. Ndani ya pakiti mna kijitabu cha Kiingereza. Kinasema huyu ni mtu wa bidii, mtetezi wa haki, hakawii. Halafu kinasema kwamba mara nyingi hukimbia sana hata asiulize kama barabara ni yenyewe. Hiyo sehemu ya pili nadhani ni makosa ya mpiga chapa.

Siku njema. Dawa ya kupe imeuzwa yote.

Jumatano, 12 Machi

Utafiti umeharibika. Leo ametoka yule wa kuning'inia kwa mguu. Kijitabu kinashauri ujiulize ni kitu gani umekishikilia, na kingeonekanaje ukikitazama kichwa chini. Upuuzi. Nikajiuliza hata hivyo, kwa kuwa hakukuwa na mteja. Ikaja sauti ndogo ikasema: Mwangangi, kama Makau asingekuwa anagombea, ungechoma chochote?

Nikaijibu upesi kwamba ndiyo. Ikauliza tena. Hadi saa sita ilikuwa bado inauliza, na kwa ajili hiyo nikampa mama mmoja dawa ya kuogesha ng'ombe badala ya chanjo ya kuku. Ilibidi nimkimbilie hadi mwisho wa soko, nikihema, koti likipepea. Akaniuliza kama kuna moto mahali. Nikamwambia bado.

Nikarudi nikatoa karata nyingine. Mwezi, na mbwa wawili wanaubwekea. Hapana. Nyingine. Mwanamke amefungwa kitambaa machoni, panga zimemzunguka. Hapana! Nikatoa na kutoa hadi likaja jua, jua kubwa lenye uso, na mtoto anacheka juu ya farasi. Sasa hilo ndilo jibu. Nimefunga duka nikiwa na amani.

Kalekye ameuliza mbona siku hizi nasali dukani macho wazi. Nikasema imeandikwa tukeshe.

Ijumaa, 14 Machi

Mchungaji Mulwa ameniruhusu kutoa tangazo Jumapili. Yeye mwenyewe hatakuwepo, anakwenda kuhubiri Katangi. Shida iliyobaki ni jina. Nikisema taroti, watauliza Mwangangi amelijulia wapi. Nikisema karata, wazee wote wanaocheza karata pale sokoni watanuna, na hao ni foleni yangu. Nimewaza tangu asubuhi huku nikipima chumvi ya ng'ombe. Kisha nikalipata. Neno rahisi, safi, la kila mtu.

Kadi!

Nitasema kadi tu. Mwenye hatia atajielewa. Asiye na hatia hatapata wazo baya. Wakati mwingine akili yangu inanishangaza mimi mwenyewe.

Jumapili, 16 Machi

Ushindi! Kabla ya kuondoka nyumbani nilitoa moja ya kunitia nguvu. Kijana mwenye kifurushi begani, macho yake mbinguni, mbwa mdogo anamshangilia miguuni. Mbele yake kuna genge refu, lakini mtu wa imani hatazami chini. Kijitabu kinamwita mjinga. Hao walioandika hawajui imani.

Nikasimama mbele ya watu. Nikasema kadi zimeingia katika nyumba zetu. Zinanyima watu usingizi. Zinagombanisha mume na mke. Mtu anaificha chini ya godoro, na akiona watu wa Mungu wanakuja anageuza njia. Nikasema imetosha! Jumapili ijayo kila mwenye kadi ailete hapa, tuzitie motoni hadi ya mwisho!

Sijawahi kusikia amina kama ile. Vigelegele. Mzee Ndeti, ambaye husinzia kuanzia wimbo wa kwanza, alisimama wima. Makau mwenyewe alipiga makofi! Nilimtazama vizuri. Alipiga makofi akitikisa kichwa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetuliwa mzigo mgongoni.

Sikujua uovu umeenea hivi.

Jumanne, 18 Machi

Siwezi kutembea hatua bila kusimamishwa. Nimepewa maembe, nimepewa mkono, nimeombewa. Mwenye bodaboda amenibeba bure hadi dukani, akasema kwao ziko tele na mbili alipewa na bosi wake, sasa angekataaje. Bosi! Mtu ana kampuni na anaeneza mambo kama hayo!

Halafu Kasyoka. Kasyoka ni kiongozi wa akina mama, ndiye anayeongoza maombi ya Alhamisi. Alinivuta kando ya duka, akatazama huku na huku, akaninong'oneza, "Mwangangi, mimi niko na tisa. Zingine ni za tangu mwaka jana."

Tisa! Nilimshika mkono nikamwambia asilie. Akasema halii, anafurahi. Nikamuuliza nani anampa vitu hivyo. Akasema watu mbalimbali, hata jamaa zake, lakini anayezidi wote ni Makau. Makau hachoki. Ukikutana naye njiani anaingiza mkono kotini na kutoa nyingine.

Nilikaa juu ya gunia la chakula cha kuku. Makau! Mwenyekiti wa kamati ya paa! Anagawa giza kutoka mfukoni mwake, tena mchana! Bwana amemtia mikononi mwangu.

Alhamisi, 20 Machi

Leo ilitoka ile ya mizani. Kijitabu kinasema anza kwa kupima upande wako. Sikutaka. Nikapima.

Ukweli ni kwamba nimezizoea. Yule wa upanga nimeanza kumsalimia asubuhi. Zinaniuliza mambo ambayo hakuna mtu huniuliza. Kanisani huniuliza kama nimeleta viti. Dukani huniuliza kama dawa inaua viroboto pia. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama naogopa. Naogopa. Naogopa kugeuka pale mbele na kukuta hakuna mtu nyuma yangu, na Makau ananionea huruma.

Nilimwambia Kalekye hivyo tukinywa chai. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akasema, "Baba Nzisa, mara hii sitasimama karibu na wewe. Nitaenda nisimame mbali huko nyuma, ukigeuka uone mtu ako mbali, ufikiri laini ni refu." Nimeoa vizuri. Naandika hapa kwa sababu mbele yake nilikohoa tu.

Kisha nikalala kidogo kitini na nilipoamka nilikuwa nimepata suluhisho. Nitachoma pakiti tupu! Ndani nitajaza karatasi za maelezo ya dawa ya minyoo. Karata zenyewe zitabaki dukani kwa utafiti zaidi. Si uongo. Moto ni moto.

Jumapili, 23 Machi

Niliweka pipa uwanjani mapema, nikalitia kuni za miti mikavu ya kahawa. Watu walijaa hadi wengine wakasimama nje ya ua. Hata wa kanisa la ng'ambo ya mto walikuja na zao.

Nikatupa pakiti yangu kwanza. Kifuniko kikafunguka! Upepo ukabeba karatasi zote za minyoo juu ya vichwa vya watu. Mzee Ndeti akaokota moja, akaisoma polepole, akatangaza kwamba minyoo nayo ikemewe. Amina! Nikapona.

Foleni ikaanza. Kasyoka wa kwanza, na tisa zake mkononi. Nikachungulia nione picha za shetani. Nikaona bibi harusi. Bibi harusi, bwana harusi, na chini yao mistari ya kuandika majina ya wachangaji. Ya pili, sherehe ya shukrani ya mtoto wa mtu. Ya tatu, gari la kwaya.

Kadi za mchango! Kadi za harambee! Zile unazopewa na shemeji, jirani na bosi, uzungushe kwa marafiki zako hadi marafiki waishe! Kangundo nzima haikuwa na taroti hata moja isipokuwa zangu.

Ningeweza kusema simameni. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini watu walikuwa wanacheka. Mashemeji wawili waliokuwa hawasalimiani tangu harusi ya mwaka jana walitupa pamoja, wakashikana mikono. Mtu alianzisha wimbo. Nikaufunga mdomo.

Makau akaja na kyondo, kikapu kizima cha kadi alizopewa na watu. Akazimimina zote, akacheka meno yote nje. Halafu akabaki kando kutazama wengine. Hapo ndipo zilipoanza kuja zenye muhuri wa kanisa. Kadi za paa, alizozigawa yeye mwenyewe. Moja, nyingine, kumi, rundo. Nilimtazama. Kicheko kilipungua taratibu hadi midomo ikafungana.

Mchungaji Mulwa akaingia wakati huo huo, amechelewa kutoka ibada nyingine. Akachukua kijiti, akaopoa moja motoni, akaipuliza. Ilikuwa na sahihi yake.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeitwa kwa mchungaji. Aliuliza kwa upole ni nani aliyenituma. Nikasema ni Roho. Akauliza yupi.

Akasema kadi zote za paa ni majivu, mvua iko njiani, na panapovuja ni juu ya mimbari hasa. Akasema alitaka kuliondoa jina langu katika kura. Moyo wangu ukashuka hadi kwenye soksi. Lakini akasema tangu alfajiri watu wanakuja kwake kumshukuru, na mmoja ameleta kuku. Kisha akatazama dirishani akasema hata yeye alikuwa na kadi kadhaa za watu ndani ya Biblia yake kubwa, na sasa hazioni, na mkewe anasema labda zilipeperuka.

Jina langu limebaki. Makau hasalimii mtu.

Nilirudi dukani nikatoa karata. Mnara umepigwa na radi, watu wanaanguka madirishani. Nikairudisha chini kabisa nikatoa nyingine.

Jumapili, 30 Machi

Tulisimama mbele, mimi na Makau, migongo yetu kwa watu kama ilivyo desturi. Yeye suti mpya. Mimi suti ile ile, ila Kalekye alikuwa ameipiga pasi hadi inang'aa magotini. Mchungaji akasema, "Haya, jipangeni." Nikasikia viatu, mabenchi, mtoto analia. Nikafumba macho. Nilisema moyoni kwamba wakiwa kumi nitashukuru. Watano pia nitashukuru.

Nikageuka.

Foleni ilitoka mlangoni! Ilipita tangi la maji, ikakunja kwenye mkarakara, ikatoka langoni hadi barabarani. Kasyoka wa kwanza, kina mama wote, wazee wote wa karata. Kalekye alikuwa amekwenda kusimama mbali kama alivyoahidi, na watu wakamsukuma mbali zaidi. Niliona leso yake tu, kule barabarani, inapunga. Nyuma ya Makau alisimama mkewe na fundi wake wa mabati.

Nililia. Sijali, nililia machozi na kamasi. Ile sauti ndogo ikaja katikati ya vigelegele ikasema hawanifuati mimi, wanafuata kupumzika kuchangishwa. Nikaiambia inyamaze, nimepigiwa makofi.

Jumatano, 2 Aprili

Mzee Mwangangi! Nimeandika hivyo kwenye karatasi ya stakabadhi nione jina linavyokaa. Limekaa.

Nzisa amepiga simu kunipongeza. Akauliza kuhusu karata zake, na kama nimejifunza chochote. Nikamwambia ndiyo, nimejifunza kwamba nilikuwa sawa tangu mwanzo. Akasema nikae nazo bado.

Jioni mchungaji akapita dukani na kazi yangu ya kwanza. Makau amejiuzulu kamati ya paa kwa hasira. Mwenyekiti mpya ni mimi. Mvua imeshanyesha mara moja na Biblia ya mimbarini imelowa kuanzia Mwanzo hadi Waamuzi. Mchango uanze upya mara moja. Kwa hivyo, akasema bila kunitazama, nichapishe kadi nyingine, nizigawe nyumba kwa nyumba kwa mkono wangu.

Kadi! Mimi! Watanikimbia wote hadi wa mwisho kule barabarani. Nikatoa karata upesi. Mpanda farasi mwenye upanga! Haangalii kando!

Nikatulia. Nikafikiri. Shida si mchango. Watu wetu wanapenda kutoa. Shida ni lile neno. Neno limechafuka. Panatakiwa neno jipya, tamu, lisilomtisha mtu.

Nimelipata kabla chai haijapoa.

Jumapili, 6 Aprili

Naandika kwa furaha. Nilipanda mimbarini, nikakwepa tone, nikasema mambo ya kadi yamekwisha. Mzee mpya amekuja na bahasha! Jumapili ijayo kila nyumba, bila ubaguzi, itapata bahasha kutoka kwa mkono wangu mwenyewe, kwa siri, kila mtu aende akaifungulie kwake!

Ile amina ya kwanza ilikuwa mzaha. Hii ilizidi. Mzee Ndeti alisimama mara mbili. Kasyoka aliniuliza nje kama zitakuwa nene. Nikamjibu hiyo itategemea ukubwa wa moyo. Akanikumbatia. Akauliza kama wenye watoto wakubwa wanaweza kuchukua mbili mbili, nikasema wachukue hata tatu, mimi sina choyo. Mwenye bodaboda, ambaye ni wa dhehebu lingine kabisa, ameomba kuhamia kwetu kabla ya Jumapili.

Halafu Makau. Makau mwenyewe akavuka uwanja, akanisalimia kwa mikono miwili, akaniita mzee. Akasema hana kinyongo, siasa ni siasa, na hakujua mimi ni mtu wa kukumbuka watu baada ya kura. Akauliza kama yake anaweza kuipata mapema, faraghani, kabla ya umati. Nilimwahidi kesho asubuhi. Nimemsamehe kabisa.

Kumbe watu wana kiu ya kazi ya Mungu namna hii! Nimemwagiza mpiga chapa aongeze nyingine nyingi. Tupu zote, bila shaka. Kuzijaza ni kazi yao.